Tatizo si kuchanganya muziki, bali ni ilimba kuletwa mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala wa wasomaji wanaolalamika kwamba nyimbo za vijana wetu zimepoteza asili kwa sababu ya kuchanganya mno: mdundo wa amapiano kutoka Afrika Kusini, mbio za singeli kutoka Dar es Salaam, kisha kipande cha ngoma ya Kigogo kimepachikwa mwanzoni. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Chamwino, nimekua nikisikia muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ikipigwa na mama zangu, na ninakubali kwamba nyingi kati ya nyimbo hizo hazina uhai. Nisichokubali ni chanzo kinachotajwa, kwa maana tukikosea hapo tutawafukuza vijana wale wale ambao bado wanataka kushika zeze, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, na ilimba, sanduku lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba.

Sijui muziki wetu upi uliopendwa na watu wengi ambao haukuchanganywa. Taarabu ilifika katika kasri la Sultani wa Zanzibar ikitoka Misri, na Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili na kwa mambo ya mtaani kwake, hadi sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Dansi ilijifunza kutoka kwenye santuri za rumba za Cuba, lakini bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliupa mtindo wake jina la Sikinde, ambayo ni ngoma ya Wazaramo. Hata kwaya yangu ni mchanganyiko: mpangilio wa sauti nne tumeupata kwa wamisionari, ngoma tumezitoa nyumbani, na wapo wazee wanaokumbuka wakati ambapo ngoma hizo hazikutakiwa kanisani kabisa.

Mwaka jana niliwasindikiza vijana watatu wa kwaya yangu kwenye studio moja mjini Dodoma. Mmoja wao hupiga ilimba aliyoachiwa na babu yake. Prodyuza alikuwa kijana mwenye adabu na mwepesi wa kazi, na biti alikuwa ameshaitengeneza kabla hatujafika. Aliomba ilimba ipigwe kidogo tu, ya kuweka ladha mwanzoni. Alipoirekodi alisema ina kasoro mbili. Kwanza inavuma, naye akauondoa ule mvumo kama kelele. Mvumo huo hutoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu la sanduku, ambao fundi huutafuta kwa makusudi, maana ilimba isiyovuma kwetu ni kama uji usio na chumvi. Pili, alisema haijatyuniwa vizuri, akaipitisha kwenye programu ya kurekebisha sauti.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu ndipo palipo kiini cha barua yangu. Muziki wa Kigogo haukupangwa kwa ngazi ya sauti za kinanda. Sauti zake zinafuata zile ambazo uzi mmoja hutoa wenyewe unapotetema kwa vipande sawa, viwili, vitatu, vinne na kuendelea, kila mgawanyo ukiwa ni mtetemo wake, hasa kuanzia mtetemo wa sita hadi wa kumi. Mtetemo wa saba uko chini ya noti ya kinanda inayoukaribia kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuitaja, lakini sikio la mtu aliyekulia Mvumi au Chamwino huitambua mara moja, na ndiyo inayofanya sauti zetu zinapoimbwa pamoja zikae kama zilivyokaa. Programu ile ikaisogeza sauti hiyo juu hadi kwenye noti ya kinanda. Mpigaji alisikiliza wimbo uliorekebishwa, akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii sasa ni ilimba ya nani?"

Wimbo huo haukuharibiwa na amapiano. Uliharibiwa na utaratibu wa kazi, kwa sababu biti ilitangulia ikiwa imeshafungwa, na ilimba ikaletwa mwisho, ikalazimishwa kuingia mahali pasipolingana nayo.

Vijana wangu walirudi nyumbani wakaanza upya kwa kompyuta ya kuazima. Safari hii ilimba ndiyo iliyorekodiwa kwanza, mvumo wake ukaachwa, na kinanda cha kompyuta ndicho kilichoshushwa noti moja moja hadi kikakubaliana nayo, jambo ambalo programu nyingi za muziki zinaliwezesha. Mama mmoja mpigaji wa muheme, ambaye hukaa na ngoma yake katikati ya magoti kama walivyofundishwa wote, aliwaonyesha mahali pa kuinyamazisha besi ili waitikiaji wasikike. Besi ni ile ile ya amapiano, ila sasa inasubiri zamu yake. Sitasema ni wimbo mkubwa, lakini ni wa kwao, na yule mama alipousikia alisimama akacheza.

Njia hii si ngeni mkoani kwetu. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefanya kazi miaka mingi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alirekodi pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Canada bila kuiacha ilimba yake. Mwanawe Msafiri alitoa albamu mwaka 2017 akiwa na prodyuza Sam Jones na vyombo vya kielektroniki, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, mtoto na mjukuu wa mzee huyo, wakatoa yao. Inaniuma kwamba habari zao ninazipata zaidi kutoka kwenye majukwaa ya Ulaya kuliko kwenye redio ninazozisikiliza hapa.

Tulipoupeleka wimbo wa vijana kwenye kituo kimoja cha redio, tuliulizwa kama ni wa asili au ni Bongo Fleva, kwa kuwa wa asili hupigwa alfajiri katika kipindi cha wazee na Bongo Fleva hupigwa mchana. Tulishindwa kujibu, na wimbo haujapigwa hadi leo.

Ninawaomba maprodyuza wa Dodoma, kabla ya kufungua biti, wamwachie mwenye ilimba au zeze apige wimbo wake mzima, kisha ndipo waamue kompyuta iingie wapi. Na watangazaji ninawaomba waupige mchana hata wimbo ambao hawajajua wauite nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kwaya,
Chamwino, Dodoma.