Kifaru bila spea ni chuma tu

Mhariri, mi fundi wa malori hapa Chikongola, Mtwara, msimu wa korosho Fuso ikilala siku tatu kusubiri spea kutoka Dar tajiri anapiga simu kila saa, sasa fikiria kifaru cha vita! Kijiweni watu wanabishania mzinga na unene wa chuma tu. T-55 ya Mrusi ina dizeli ya silinda 12, ukoo uleule wa injini ya T-34, kifaru cha Mrusi cha Vita Kuu ya Pili, na Type 59 ya Mchina imenakiliwa toka T-54, kaka yake T-55, ndo maana mikweche hiyo bado inatembea, mafundi wengi wanaijua. Leopard 2 ya Mjerumani, ya 1979, kali kweli, ila vingine vya Ukraine vilipelekwa mpaka Lithuania kutengenezwa. Mi nachukua cha Mchina, nichekeni tu.

Fundi, Mtwara