Samaki wamepungua, lakini samaki gani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Msimu wa bajeti ukikaribia, magazeti huandika kwamba samaki wamepungua Ziwa Victoria, na haipiti miezi yakaandika kwamba wameongezeka. Huku Ukerewe tunazisoma habari zote mbili, kisha tunaulizana: samaki gani? Sangara anaweza kuadimika mwaka uleule ambao dagaa wamejaa hadi chanja hazitoshi. Anayewajumlisha hao wawili akatoa hesabu moja amejumlisha ng'ombe na kuku.

Mimi ni mwalimu mstaafu, sijawahi kuwa mvuvi. Ila baba alikuwa na mtumbwi, mama alianika furu, na mpwa wangu leo anavua dagaa kwa taa za sola. Mengi ya haya nimeyala kabla ya kuyasoma.

Nianze na furu, maana vijana wengi wanamjua kama chambo tu. Ni kisamaki kisichozidi kiganja, mgongoni kina miba inayochoma kweli. Mama aliwapasua, akawaanika juu ya jabali nyuma ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo kufukuza kunguru. Siku mbili za jua kali ziliwatosha. Hapakuhitajika kuni wala mafuta. Sisi watoto tuliwagawa makundi mawili matatu kwa sura za midomo na rangi za madume, tukadhani tumemaliza. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu walikuwa wamekadiria aina zaidi ya 500 katika ziwa hili, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kulikuwa na wala matope, wala konokono, wala vidudu vinavyoelea majini, na hata furu waliokula furu wenzao. Ulikuwa mji mzima, nasi tuliuita kitoweo.

Sangara aliingizwa miaka ya 1950, kuanzia upande wa Uganda. Hoja ya waliomleta ilikuwa kwamba furu ni wadogo, wana miba na hawana faida, basi aje samaki mkubwa awale, halafu sisi tumle yeye. Hesabu hiyo ilitimia, ila ilichelewa. Kwetu alionekana kwa nadra miaka mingi, kisha katika miaka ya 1980 akafumuka. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, nyavu zilizozoea kutoka na furu katika Ghuba ya Mwanza zilitoka bila hata mmoja. Nakumbuka sangara wa kwanza mkubwa aliyeletwa nyumbani: mama alimpasua kama furu, akamwanika palepale jabalini. Mafuta yalichuruzika, jioni nzi walikuwa wamemmaliza. Ndipo tulipoanza kuhangaika na kuni za kubanika.

Lakini tusimbebeshe sangara mizigo yote. Ngege, jamaa ya sato na samaki wetu wa asili, alianza kupungua kabla yake, tangu nyavu za makila za kizungu, zinazomnasa samaki kichwani, zilipoingia mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwingereza aliyetumwa kuchunguza uvuvi mwaka 1927 na 1928 alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Sharti hilo likawekwa, kisha baadaye likaondolewa. Na miaka ya 1970, kabla sangara hajatanda upande wetu, tayari kulikuwa na meli za kukokota nyavu pale Mwanza zikivua furu wa kusagwa kuwa chakula cha kuku.

Wala sisemi sangara aondoke. Mabati ya nyumba ya dada yangu yametokana naye. Minofu yake inapanda ndege, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanakwenda China kwa bei ambayo mvuvi akiitaja unadhani anatania, na sisi huku tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa.

Habari ambayo sijaiona ikipewa uzito gazetini ni kwamba baadhi ya furu wamerudi. Tangu miaka ya 1990, uvuvi ulipoanza kumpunguza sangara, aina chache zimeongezeka tena, na waliorudi si wale walioondoka. Watafiti waliolinganisha furu wa zamani waliohifadhiwa kwenye chupa na hawa wa sasa walikuta kwamba matamvua ya aina mojawapo yamepanuka sana, kwa kuwa maji yamepungukiwa hewa. Chakula chao nacho kimebadilika. Aliyekula vijidudu vidogo sasa anameza vikubwa. Miaka isiyozidi thelathini, samaki amejirekebisha mwili! Tungelifundisha hilo darasani badala ya twiga na shingo yake.

Wako pia waliopotea bila kuliwa. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Huyu anataka mwekundu, yule anataka wa buluu. Sasa ziwa limechafuka kwa mbolea, udongo wa mashambani na maji ya vyooni, mwani umetanda, na pwani ya Nansio kuna siku maji ni kijani kama mlenda. Jike haoni rangi vizuri, anachukua aliye karibu, na koo mbili zinakuwa moja. Hakuna wavu unaoweza kushtakiwa kwa hilo.

Mwezi uliopita, siku za giza ambazo mbalamwezi haipo na dagaa huvuliwa kwa taa, nililala kambini kwa mpwa wangu. Alfajiri walipomwaga dagaa nilimwomba ndoo moja nikaichambua mwenyewe, kina mama wakinicheka. Katika ndoo ile nilipata furu 43. Madume sita walikuwa na wekundu mgongoni, mmoja tumbo lake jeusi kabisa, na jike mmoja alikuwa na mayai mdomoni bado. Nilipata pia vitoto vya sangara 9, mrefu wao hazidi kidole changu cha kati. Wale furu hutupwa kando au huuzwa kwa wafugaji wa kuku, kwa sababu dagaa waliochanganyika hushuka bei. Vitoto vya sangara vilianikwa pamoja na dagaa. Sheria inakataza kuchukua sangara chini ya sentimita 50, lakini mizani ya mwaloni, pale samaki wanapopokelewa, haioni kidole kilichojificha ndani ya gunia.

Tazama sasa hilo la mayai mdomoni. Jike la sangara hutaga mayai kwa mamilioni. Jike la furu hubeba makumi machache, anayalea kinywani hadi watoto waweze kuogelea. Dagaa hukua haraka, na wengi hawazidi sana mwaka mmoja. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hapa kwetu nako kuna wanaotaka tufungiwe vivyo hivyo. Sipingi kupumzisha ziwa. Nauliza tu, tunampumzisha nani? Miezi mitatu inaweza kumfaa dagaa na isimguse sangara anayehitaji miaka kufikia ukubwa wa kuzaa. Furu wanaozalia kwenye mawe ya kisiwani watafaidika zaidi kokoro, wavu wa kukokota, likiacha kuburutwa juu ya mazalia yao mwaka mzima kuliko ziwa zima likifungwa kwa msimu.

Hatutayajua hayo kwa kitabu kama kile cha mwalo wetu, chenye safu nne: sangara, sato, dagaa na wengineo. Humo kwenye "wengineo" amelala ningu, amelala mumi, gogogo, domodomo, na furu wote. Nilimwomba karani aanze kumwandika furu peke yake. Akacheka, "Mwalimu, kumbe furu naye ni samaki?" Simlaumu, ni kijana, amezaliwa sangara akiwa tayari mfalme.

Naomba basi waandishi wako, wakiletewa takwimu za uvuvi, waulize kila samaki kwa jina lake kabla ya kuandika kichwa cha habari. Na wanaosimamia mialo waongeze safu moja tu. Mimi nimeshaanza na daftari la shule, kurasa 96, kila giza nachambua ndoo moja na kuandika. Karani akitaka kunakili, anajua kwangu. Aje jioni, maana asubuhi niko mwaloni.

Mwalimu mstaafu,
Ukerewe, Mwanza.