Mpwa wangu, umeusoma au umeupitia?

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza alinipa habari kwamba umepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, wiki mbili, kwa mawakili wa biashara. Mara ya pili akataka kujua kama suti ya kijivu itafaa. Mara ya tatu akauliza tena habari ya suti. Nikaona heri nikuandikie mwenyewe, tena niandike wazi, maana wenzako darasani wana maswali yaleyale na si wote wenye mjomba wa kumsumbua.

Suti itafaa. Tuendelee.

Najua picha uliyonayo kichwani: wakili amesimama mahakamani, anamhoji shahidi mpaka jasho linamtoka. Hutayaona hayo. Wakili wa biashara anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga mahakamani, na kwake hiyo ni sifa, kwa sababu analipwa ili mteja wake asifike huko. Anaandika mikataba ya mikopo, ya pango, ya kusambaza bidhaa, ya kuuziana hisa. Siku ya kwanza utakuta watu wamekaa kimya wanasoma, utadhani hakuna kinachoendelea. Kumbe humo humo, katika ukimya huo, kuna kampuni inabadilisha mmiliki.

Na wewe utasoma. Mtu akitaka kununua kampuni, mawakili wake huifukua kwanza: ina madeni gani, imeweka nini rehani, nani ameishtaki, mikataba yake na wateja wakubwa inasemaje. Hapo wanasema wanafanya uchunguzi wa kina. Nyaraka zinawekwa mtandaoni mahali pamoja penye nywila, wakati mwingine maelfu, na anayetumwa kuzifungua kwanza ni yule mdogo kuliko wote ofisini. Safari hii mdogo ni wewe.

Mimi zamu yangu nilipewa mikataba 14 ya pango. Nilitakiwa kutafuta jambo moja tu: je, mwenye jengo anaruhusiwa kuvunja mkataba endapo kampuni iliyopanga itaingia mikononi mwa mmiliki mwingine? Vifungu vya namna hiyo ni vya kawaida, na vina sumu. Mteja ananunua kampuni kwa sababu ya maghala yake, halafu kesho yake anapewa notisi ya kuhama. Nilimaliza kabla ya mapumziko ya mchana. Nikajiona simba. Nikaandika barua pepe ya mstari mmoja: nimepitia yote, hakuna tatizo.

Wakili aliyenisimamia alikuwa mama mmoja mpole, asiyepandisha sauti. Alikuja mezani kwangu na mkataba wa tisa mkononi, akaniuliza: “Umeusoma au umeupitia?”

Kifungu kilikuwepo. Kilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, ndani ya kiambatisho, chini ya jedwali la vipimo vya ghala. Viambatisho mimi sikuvifungua hata kimoja; nilidhani ni ramani na orodha ya samani. Lakini kilichoniumiza zaidi ni lile neno langu, “yote”. Yule mama alikuwa ameshaanza kulihamishia kwenye ripoti ya mteja. Angelituma kwa jina lake, mteja angelitegemea na kutia saini. Kama ningeandika “nimesoma mikataba 14, viambatisho bado”, ningeona haya kidogo, naye angejua pa kuanzia. Mwanafunzi hatarajiwi kujua sheria za kununua kampuni. Anatarajiwa kusema kweli kuhusu alichofanya na alichobakiza, na nakuapia ni kugumu kuliko inavyosikika, hasa saa kumi na moja jioni ukiwa unataka wakuone hodari.

Wanaweza pia kukupa kazi ya kulinganisha majina: jina la kampuni lililo kwenye mkataba na lile lililo kwa msajili wa kampuni, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya usajili. Utaiona kazi ya kitoto. Sasa sikiliza. Mwaka 2009 huko Uingereza, ofisi ya msajili wa kampuni iliingiza kwenye kumbukumbu zake kwamba Taylor & Sons imeamriwa na mahakama kufungwa. Iliyoamriwa kufungwa ilikuwa kampuni nyingine, Taylor & Son. Tofauti ni herufi moja. Kosa lilirekebishwa ndani ya siku chache, lakini habari ilishawafikia wanaouza taarifa za wakopaji, na wauzaji wakaacha kuikopesha mali kampuni isiyo na hatia mpaka ikaanguka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ofisi ile ilikuwa na wajibu wa kuwa makini na haikuutimiza. Ukishikwa na usingizi katikati ya orodha ya majina, ikumbuke hiyo herufi s.

Habari ya maswali. Watu watakwambia uliza, uliza, hakuna swali la kijinga. Lipo. Ni lile ambalo jibu lake liko ukurasa wa kwanza wa faili ulilolishika. Mawakili wengi hutoza kwa saa, na saa wanaikata vipande kumi vya dakika sita sita. Simu ya dakika mbili inaandikwa kipande kimoja. Kwa hiyo ukimsimamisha mtu mara tano kwa mambo matano, umempasulia asubuhi nzima. Yakusanye, uyaandike, uende mara moja. Ila maswali mawili usiyaweke akiba, yaulize papo hapo unapopewa kazi: unaitaka lini, na unaitaka iweje? Nimewahi kuandika kurasa sita za maelezo kwa mtu aliyekuwa akisubiri ndiyo au hapana.

Makatibu muhtasi na watu wa masijala waamkie vizuri. Wanajua kila faili liko wapi, na wanajua nani leo hasemeshwi.

Kuna hizi programu za akili unde, najua unazitumia, usinikatalie. Kwanza, mkataba wa mteja usiumimine humo kama ofisi haijakuruhusu. Ni siri ya mtu unaikabidhi kwa usiyemjua. Pili, mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, pamoja na kampuni yao, walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Zilitungwa na ChatGPT. Walikuwa mawakili kamili, si wanafunzi, na walizipeleka bila kuhakikisha kama zipo.

Nikifika kwenye siri namfikia mama yako, ambaye ni dada yangu na nampenda. Utatia saini makubaliano ya kutunza siri, pengine kabla hujaonyeshwa kiti. Yanahusu lifti, yanahusu simu ndani ya gari la abiria, na yanahusu meza ya chakula nyumbani. Ukisema tu kwamba kampuni fulani ina mazungumzo na kampuni fulani, umeshasema. Na kama hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa, mtu akizinunua kwa kutegemea neno lako, katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai, kwake na pengine kwako uliyemwambia.

Kuhusu kupata ajira baadaye, sina la kukuahidi. Wiki mbili hazikufanyi mwanasheria wa biashara. Zinatosha kukuonyesha kama unaweza kukaa na ukimya ule, na kama kifungu kilichojificha kinakusisimua ukikipata. Mwenzangu niliyeanza naye hakikumsisimua hata kidogo. Siku ya nne alikuwa anahesabu vigae vya dari. Leo anatetea washtakiwa wa jinai na ana furaha kuliko mimi.

Nipigie Ijumaa jioni. Nitakuuliza umesoma nini na ulikwama wapi. Jina la mteja usinitajie, hata nikikubembeleza, maana nitakubembeleza.

Mjomba wako