Usikubali lizibwe lile bomba

Bamburi, Mombasa
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani, na pole kwa hayo maji. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikazima jiko. Pale uliposema fundi atakuja kesho kutwa "kuziba kile kibomba cha tangi la sola kinachotema maji juu ya paa" ndipo nilipotafuta kalamu, maana nikikwambia kwa simu utaniitikia "ehe, ehe", halafu nusu utaisahau. Barua utaweza kumsomea na yeye fundi.

Usikubali azibe.

Mimi nishazibiwa, ndiyo nasema. Januari ya mwaka jana tulikwenda harusini Lamu, siku tisa, nyumba tukaifunga. Tangi letu la sola ni la lita 200, mirija ya kioo ya kupashia maji juani 20, na humu ndani tuko watu watatu tu. Aliyejenga aliweka kubwa hivyo wakati wa zile kanuni za 2012, zilizotaka kila nyumba inayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku ifungwe sola. (Mombasa, Januari, na maji moto, wapi na wapi! Lakini mama mkwe wangu haogi maji ya baridi hata mawe yapasuke kwa jua.) Basi siku tisa hakuna aliyefungua mfereji, na jua la kaskazi halikuwa na habari kwamba tumesafiri. Tangi lenyewe limevishwa sponji nene lisipoteze joto usiku, kwa hivyo asubuhi jua halianzi na maji baridi, laendelea pale lilipoachia jana. Baada ya siku chache maji huwa yachemka.

Tuliporudi nikafungua mfereji wa jikoni. Ukakohoa, ukatema mate mawili matatu, kisha ukatoa mvuke kama birika. Juu ya dari nako lile bomba la plastiki lilikuwa limelegea, limening'inia kama tambi, linavuja kwenye maungio. Kumbe walipitisha maji moto kwenye bomba la maji baridi! Hilo usilichukulie mzaha; waulize lako ni lipi. Ya maji moto ni yale mabomba mazito ya kijani yaitwayo PPR, au ya shaba.

Fundi akaja. Akabadilisha bomba, hapo simlaumu. Halafu akaona bomba la pumzi, lile lililosimama wima juu ya tangi, linarusha maji na kulowesha ukuta. Akasema, "Mama, hili ndilo linalokusumbua." Akalitia kizibo, akazungusha tepu, akalipwa, akaenda zake. Ukuta ukakauka. Nikamsifu kwa majirani wote, mjinga mimi.

Siku ya pili yake Ami akaja kula mchana. Wajua ami yangu ujanani alikuwa akitia makaa kwenye treni za mvuke. Yuko katikati ya biriani, paa likaguna. Si mlio wa paka wala wa bati kupata joto. Lilikuwa guno la chini, kama mtu mzima anayejinyoosha. Akauliza, "Nini hiyo?" Nikamwambia ni tangi la sola tu, limekuwa likifanya hivyo tangu jana. Akaweka tonge chini. Ami, kuacha biriani! Akaamuru mifereji yote ya maji moto ifunguliwe na tukae mbali nayo, wala mtu asipande paani mpaka jua lizame. Magharibi mpwa wangu akapanda akatoa kile kizibo. Mfuniko wa tangi ulikuwa umeanza kufura.

Alivyotueleza ni hivi. Maji yakipata moto hukua. Lita 200 ukizitoa kwenye joto la kawaida la huku kwetu hadi karibu na kuchemka huongezeka kama lita saba. Hizo lita saba zaenda wapi? Kwenye bomba la maji baridi tuna valvu ya njia moja, hazirudi nyuma. Njia ni hilo bomba la pumzi peke yake. Yakishachemka, mvuke nao wataka kupita hapohapo. Na si kutoka tu: ukifungua mfereji, hewa huingia kwa njia hiyohiyo kufuata maji yanayoshuka. Tangi la aina hii ni bati jembamba, si boila ya treni. Likizibwa laweza kupasuka kwa kufura, au likanyonyeka ndani kama pakiti ya maziwa.

Kwa hivyo hilo bomba lako linalotema limekuwa likikuokoa, shoga. Taabu yako ni joto lisilo na mtumiaji. Watoto wako shule ya bweni, baba yao yuko baharini, na sola yenu mlifungiwa ya watu wanane.

Sisi tulifunika mirija. Kati ya 20 tulifunika 12 kwa turubai zito, tukalifunga kwa kamba lisipeperushwe na upepo. Fanya baada ya Alfajiri, kabla jua halijashika. Adhuhuri usimruhusu mtu kugusa kitu, kwa sababu mrija mtupu ulioachwa juani hupita nyuzi joto 200 kwa ndani. Wiki hiyohiyo bomba likaacha kutema, na mama mkwe bado aoga maji yake. Usifanye haraka kufunua. Mwezi wa Machi jua huku pwani lapita utosini kabisa, kwenu Malindi pia. Ngojea masika ianze. Na mkisafiri, funika mirija yote.

Jambo jingine, la aibu yangu mwenyewe. Maji ya mgao yalikatika, tangi la juu likakauka na mirija nayo ikabaki mitupu. Boza likaja saa sita mchana, nikafurahi, nikajaza. Ta! Ta! Miwili ikapasuka kama bilauri ya moto iliyotiwa barafu. Ningengojea jioni ningebaki na pesa zangu.

Halafu kisima chenu kina chokaa kama chetu, na maji yakizidi moto chokaa huganda upesi zaidi. Yaweza kuziba lile bomba la pumzi polepole bila msaada wa fundi yeyote. Huyo anayekuja kesho kutwa mpe kazi hiyo: achunguze, asafishe, aache wazi. Ikiwa ukuta unalowa, aongeze bomba literemke hadi bustanini, mdomo ukiwa wazi.

Na kabla hajaondoka mwulize bei ya koki ya kuchanganyia, ile inayotia baridi kwenye moto kabla maji hayajafika hamamuni. Yetu tumeiweka nyuzi 50. Maji ya nyuzi 60 humwunguza mtu mzima kwa sekunde kama tano tu, na Salma huja na mwanawe kila Ijumaa. Kwa sasa fungua baridi kwanza, daima.

Fundi akibisha, mpe namba yangu nimpe Ami azungumze naye. Miaka imekwenda lakini sauti ya kushindana na injini bado anayo.

Nitumie picha ya paa ukishafunika. Na zile embe za dodo ulizoniahidi tangu Disemba, nimenyamaza tu.

Wako,
Mama Hafidh