Ekzosi ya IST: nunua ya mbele, chongesha ya nyuma

Dar es Salaam

Ndugu yangu Mbwana,

Salaam nyingi, na watu wote wa nyumbani Tanga wasalimie. Picha ulizotuma nimezitazama vizuri. Umeuliza ununue ekzosi nzima au umpe fundi aichonge. Kwa Toyota IST yako mimi naigawa: kipande cha mbele chenye masega (kisafisha moshi) na sensa ya oksijeni, nunua, kuanzia hapo kwenda nyuma, bomba na sailensa, chongesha. Fundi wa kukuambia "nakutengenezea yote kwa bei moja" utamkuta kila kona, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujamfuata.

Injini ya IST imewekwa kukingama, na ukikanyaga mafuta inajitikisa mbele na nyuma. Ndiyo maana bomba la mbele linapokutana na manifoldi, inayokusanya moshi kutoka kwenye injini, pana gasketi nene ya mviringo na bolti mbili zenye springi. Kiungo hicho kimeachwa kicheze makusudi. Moshi ukianza kuvujia hapo, fundi mwenye haraka hukichomelea kikawa kitu kimoja. Kelele inakwisha siku hiyohiyo, halafu baadaye manifoldi inapasuka au vishikio vya nyuma vinakatika, maana mtikisiko umekosa pa kwenda. Dawa yake ni gasketi mpya, bolti mpya, na springi mpya kama za zamani zimelegea. Basi.

Sensa nayo haitaki ubabaishaji. Uzi wake ni M18 × 1.5, na nati yoyote ya kuokoteza haitaishika. Uvujaji ukiwa mbele ya sensa, hata mdogo, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya mapigo ya moshi. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo, inaongeza. Hapo ndipo watu huanza kulaumu kituo cha mafuta.

Ukiambiwa masega yatolewe ili gari "ipumue", kataa. Yakitoka, sensa ya nyuma yake itawasha taa ya injini na mashine ya kupimia itasoma P0420, yaani kodi ya masega kutofanya kazi. Tena ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Jiulize nani anafaidika. Kama yameziba kweli, weka mengine, na yale ya zamani urudishiwe mkononi.

Dukani nenda na namba nzima ya chesisi. NCP60 ni ya injini ya lita 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote. Ekzosi ya NCP65 usiichukue hata ukipunguziwa bei, kwa sababu huko chini kuna propela na difu, na bomba limepitishwa kwa kuzikwepa. Ukichukua iliyotumika Japani, igonge kwa kiganja: masega yakicheza ndani kama njugu kwenye debe, yamevunjika. Halafu chokoa mishono kwa bisibisi. Bisibisi ikiingia, ekzosi hiyo iache hapohapo dukani.

Sasa nyuma. Sailensa huanza kuoza kwa ndani. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji kwa njia ya mvuke. Kwa safari fupi za mjini bomba halipati moto wa kutosha, maji yanalala ndani ya sailensa yakiwa na asidi, na huko kwenu chumvi ya bahari inamalizia kwa nje. Sailensa nyingi za bei nafuu za dukani ni bati jembamba, kwa hiyo utarudi palepale. Fundi mzuri atakupa bomba la unene wa milimita 1.5, na ukiwa na pesa kidogo zaidi, la chuma cha pua.

Mwambie kipenyo kibaki kilekile cha zamani. Kipimwe kwa kalipa mahali bomba halijaliwa na kutu. Kulipanua kwenye injini ya 1.5 kunakuongezea mlio tu. Kona zisikunjwe kwa kubanwa mpaka zikabonyea. Bora anunue zilizokwisha kukunjwa, au akate vipande kwa pembe na kuviunga. Bomba la maji la mabati lisiguse gari lako: zinki ikiungua, moshi wake unampa fundi homa, na mshono wenyewe haushiki vizuri. Sailensa itobolewe tundu la milimita 3 mahali pa chini kabisa, maji yapate kutoka. Na pale inapokutana na kipande cha mbele pawe na flensi (sahani za kufungwa kwa bolti) na gasketi, ili siku nyingine ifunguliwe kwa spana bila kukatwa.

Kabla ya kuchomelea, terminali hasi ya betri itolewe, na waya wa ethi ubanwe kwenye bomba lenyewe karibu na mshono. Wengi huubana kwenye injini, umeme ukapita kwenye beringi. Raba mpya za kuning'inizia zitangulie, bomba lishikizwe kwanza kwa nukta chache gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Likiwa juu ya jeki ekseli ya nyuma inaning'inia, na nafasi unayoiona siyo utakayoipata barabarani. Acha angalau milimita 25 kutoka kwenye tangi, mipira ya breki na bampa.

Kujaribu ni rahisi. Washa gari bado la baridi, mtu azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene sekunde chache, wewe sikiliza chini na upake maji ya sabuni kwenye kila mshono. Povu likitokea, arudie kabla hujamlipa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na wewe unapakia watoto kila asubuhi.

Nitumie namba ya chesisi wiki hii. Gasketi na springi nitakuulizia Kariakoo, ni vitu vidogo, dereva wa basi atakuletea.

Wako,
Selemani