Rehema, nitafutie Sullivan Weupe wa Beara

Butte, Montana

Mpendwa dada yangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Cork, Ireland, pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa baba mkwe, ambaye ametimiza miaka 88 na amedhoofika sana tangu baridi ilipoanza. Yeye ndiye sababu ya barua hii, baada ya kimya kirefu ambacho nakuomba unisamehe.

Nilikwisha kukueleza kwamba bibi yake mzaa mama, Bridget Sullivan, alizaliwa katika rasi ya Beara, magharibi ya kaunti yenu, akaja hapa mwaka 1898. Baba yake alikuwa mchimbaji wa shaba kule Allihies. Machimbo yale yalipofifia miaka ya 1880, watu wenye ujuzi wa kuchimba walibaki bila kazi, wakati huku Butte shaba ilikuwa ikisubiri mikono, na Marcus Daly, mwenye mgodi wa Anaconda, alikuwa mwenyewe mzaliwa wa Ireland. Ndugu alimvuta ndugu, jirani akamvuta jirani, hata Butte ikajaa akina Sullivan.

Hapo ndipo nilipokwama katika kutafuta kwao Bridget ni wapi hasa. Cheti cha ndoa cha Bridget kinawataja wazazi wake kuwa John Sullivan na Mary Sullivan, maana kule Beara Sullivan huoa Sullivan bila kuwa na udugu wa karibu. Nilipofungua rekodi za vizazi za Ireland, ambazo tangu mwaka 1864 ziliandikwa kwa watu wa dini zote, nilikuta akina Bridget watatu waliozaliwa ndani ya miaka miwili, na wawili kati yao wana baba John na mama Mary. Sensa ya mwaka 1901 inazionyesha nyumba zote mbili, lakini Bridget alikuwa amekwisha kuondoka. Sensa za zamani zaidi ndizo zilizoniliza: nyingine ziliteketea Dublin mwezi Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nyingine serikali ilikuwa imeziharibu yenyewe kabla ya hapo. Hata huku Marekani sensa ya mwaka 1890 ilipotea karibu yote baada ya kuharibiwa na moto. Inaniuma kwamba watu waliokwisha kupoteza nchi yao walipotezewa na karatasi zao pia.

Sasa sikiliza lililotokea wiki iliyopita. Nilikuwa nikimlisha baba mkwe uji, akaniambia ghafla kwamba wazee walikuwa wakimwita bibi yake “Bridget Bawn”, na kwamba tangu utotoni alidhani lilikuwa neno la kumtania. Rehema, niliweka kijiko chini. Bawn ni “bán” ya Kiayalandi, yaani nyeupe, na ni jina la ukoo mdogo ndani ya ukoo mkubwa, sawa na kule kwetu Pangani tulivyowatofautisha akina Salimu kwa kusema Salimu Mweupe na Salimu wa Mtini. Usiku ule ule nilipekua daftari za uthamini wa ardhi za Griffith, za katikati ya karne ya 19, ambamo makarani waliandika lakabu kwenye mabano pale majina yalipofanana, nikamkuta Sullivan mmoja aliyeandikwa Bawn, katika kitongoji ambacho moja ya zile nyumba mbili za mwaka 1901 ipo. Naamini ni yeye, lakini kuamini hakutoshi kumwambia mzee wa miaka 88 kwamba kwao ni pale.

Baba mkwe anasimulia kwamba usiku wa kuamkia safari walimkeshea Bridget kama maiti, wakicheza na kulia hadi alfajiri, kwa sababu waliokwenda Marekani hawakutazamiwa kurudi. Nilipomsikia nilimkumbuka mama yangu pale stendi ya Tanga, nawe ulikuwepo ukanishika mkono.

Mama Zuhura ameniambia kwamba umenunua gari. Je, unaweza kwenda Beara kwa niaba yangu siku moja ya mapumziko yako, ingawa najua ni zaidi ya saa mbili kwenda tu? Pale Allihies pana makumbusho ya machimbo. Unaweza kuwauliza kama yupo mzee anayezijua lakabu za akina Sullivan? Je, padri wa parokia atakubali ukiangalie kitabu cha ubatizo, hasa majina ya wasimamizi, kwa kuwa msimamizi mara nyingi huwa shangazi au mjomba? Na makaburini, unaweza kupiga picha kila jiwe lenye neno Bawn? Kuna Sullivan yeyote kazini kwako hospitalini? Mwalimu Kombo anaendeleaje na mguu wake? Unaweza kwenda kabla ya Pasaka?

Nimeweka karatasi yenye jina la kitongoji ndani ya bahasha hii. Baba mkwe ameomba nikuandikie kwamba akuombea dua kila jioni.

Wako akupendaye,
Mwanaidi