Shukrani kwa dada wa kivukoni Likoni

Dada yangu, jina lako sikulishika. Nakumbuka leso yako ya samawati na kapu la maembe uliloliweka chini ili umshike mwanangu mkono. Alikuwa ameketi kwenye mteremko wa feri, pumzi zimemwishia, watu wanatupita. Ukatazama miguu yake ilivyovimba, ukaniuliza, "Mama, huyu aliwahi kuugua nini?"

Saratani ya damu, nikakwambia, akiwa na miaka 6. Alipona, sasa ana 17.

"Alitiwa ile dawa nyekundu ya mshipa?"

Nilishtuka. Ndiyo, doksorubisini, hata mkojo wake ulikuwa ukitoka mwekundu. Ukanieleza kuwa dawa ile huua saratani lakini yaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu ukajitokeza miaka mingi baadaye. "Apigwe eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, wiki hii hii." Miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia. Mie nilidhani ni uvivu wa ujana, nikimgombeza, Mungu anisamehe.

Kweli, eko ilionyesha moyo umechoka. Sasa anameza vidonge kila siku, na juzi alipanda mteremko uleule polepole, akasimama juu kunisubiri.

Ahsante sana, dadangu. Mungu akuweke.